Nyuki wa Nyanzala

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, mwaka 1974, Nyanzala alikuwa akikamua masega nyumbani kwake, msituni nje ya Inyonga, ofisa wa uhamisho alipofika na fomu ya mifugo.

Fomu ilikuwa na nafasi ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Mizinga haikuwamo. Nyanzala alimweleza kwamba mizinga ya marehemu mumewe haihesabiwi hata hivyo; ukiihesabu, nyuki wanahama, na huo ni mwiko wa warina asali wote. Ofisa hakupenda jambo la kuachwa hivi hivi. Chini ya kuku akaandika: "Nyuki. Idadi italetwa."

Amri ilikuwa fupi. Watu wa msitu ule wangehamishiwa vijiji vitano vipya, na mifugo yao ingegawanywa sawasawa kwa vichwa, bila baki. Isiyogawanyika ingebaki ilipo pamoja na mwenyewe. Mume wa Nyanzala alizikwa chini ya mizinga ile, na mjane akiondolewa kwenye mizinga amefiwa mara mbili. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

Jumatano nyuki walikwenda shuleni wenyewe kuhesabiwa. Waliingia dirishani kwa utaratibu, walio hai mbele, waliokufa nyuma, tangu wale wa enzi za baba mkwe wa Nyanzala. Mwalimu Anicet, aliyefundisha hesabu darasa la saba, alifuta ubao akaanza kuandika. Namba ilijaza ubao, ikapita ukutani, ikatoka mlangoni, ikaishia kwenye shina la mninga uani. Tarakimu ya mwisho ilikuwa saba. Pakiti mbili za chaki zilikwisha.

"Gawa kwa tano," ofisa akasema.

"Wanabaki wawili, bwana."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini ofisa alikuwa bado hajafika huko. Alikuwa tayari kupunguza vijiji, au kuviongeza. Nyuki wakajipanga ukutani mistari mitatu. Akabaki mmoja, akatua kwenye chaki. Wakajipanga saba, wakabaki wanne. Wakajaribu kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, wakapanda hivyo hivyo. Kila waliposhindwa walivunja mistari na kuanza upya bila kunung'unika, na waliokufa ndio waliokuwa wepesi zaidi. Nyanzala alisimama mlangoni ameuma pindo la kanga. Ijumaa alasiri namba za kujaribia zilikwisha.

"Ni namba tasa," Mwalimu akasema. "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu."

"Kwa yenyewe ni vijiji vingapi?"

Mwalimu akamwonyesha ubao, ukuta, mlango, mpaka mninga.

Ofisa alifikiri kidogo. "Mabati hayatatosha," akasema, akapiga muhuri.

Nyanzala alikaa chini pale pale, miguu imenyooka, akalia na kucheka kwa pamoja. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mlima. "Afadhali," alirudia. "Jamani, afadhali!"

Jumamosi lori lilikuja kuchukua wengine. Jirani yake, mzee Thadei, aliandikisha mbuzi arobaini siku ile ya Jumatatu. Kila kijiji kilipata wanane. Alisimama kando ya lori amekumbatia kitoto cha mbuzi.

"Mwalimu, huyu kazaliwa Alhamisi. Arobaini na moja inagawanyika?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Haigawanyiki, mzee. Nayo ni tasa."

"Fomu yako imeshapigwa muhuri," ofisa akamwambia mzee kwa upole.

Thadei akampa Nyanzala kile kitoto. "Nitunzie, mwanangu. Kwenye karatasi hakimo."

Lori likaondoka. Nyanzala akarudi nyumbani kwake, nyuki wakimfuata, walio hai mbele. Kitoto akakifunga kwenye nguzo ya nyumba ya Thadei, iliyokuwa imeshaezuliwa, akakikorogea uji wenye asali. Hakikunywa. Kililia mpaka jioni, maana mama yake alikuwa ameangukia kijiji cha nne.