Mpelelezi Aliyeonwa Nyuma ya Shuka

Tulikuwa tumeshaiacha Tabora, vumbi limeshatuingia hadi kwenye meno, na mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amekaa mbele kwa dereva, kajifunika kanga uso mzima asinione. Mimi nilikuwa juu ya mizigo, nimegeukia tulikotoka ili nisimwone yeye. Katikati yetu kulikuwa na injini ya umeme, nguzo mbili, shuka jeupe la kuonyeshea picha, mashine ya sinema, na mshenga wangu Wenceslaus ambaye kila lori liliporuka shimo alisema, "Tutafika tu." Barabara ya Urambo inafuata njia ileile ya misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani, na alikuwa akisema kuwa pembe si mzigo, mzigo ni unayesafiri naye. Siku ile nilimwelewa.

Nieleze tulivyofika huko, maana hata mimi nikikumbuka nachoka.

Nilikuwa mkalimani wa sinema ya bure. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na lori linalozunguka kuonyesha watu picha za vyoo, mbu na namna ya kukausha tumbaku. Kiingereza changu nilikiokota: madarasa mawili kwa mapadri, moja kwa Wamoraviani, kilichobaki nilikipata jeshini, vitani Bama. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na mashine, kushika kipaza sauti na kuwaambia watu kinachosemwa. Dereva alikuwa Tobias, mtu wa Igunga, asiyependa sinema wala watu wanaoipenda.

Watu walikuwa wakija kuangalia vyoo kwa sababu hakukuwa na kingine. Kisha mzungu mmoja wa mjini, aliyekuwa na picha ya zamani aliyokwisha kuichoka, akatupatia. Picha ya wapelelezi. Haikuwa na rangi, mikanda yake ilikuwa na mikwaruzo kama ngozi ya ng'ombe aliyepita michongoma, na karibu yote ilikuwa mvua, ukungu na wanaume wenye makoti marefu wanaosimama chini ya taa bila sababu. Nilidhani watu watalala. Badala yake walianza kutembea kutoka vijiji vya mbali, wamebeba watoto, na tukionyesha mbu kwanza walipiga kelele mbu waondolewe.

Habari yenyewe ni hii. Ni wakati wa vita. Katika nyumba ya wageni kando ya bahari kuna mtu anayewapelekea maadui siri za meli. Hajulikani ni nani. Unachoonyeshwa ni mkono tu, unawasha kiberiti dirishani, na ni mkono wa kushoto. Kijana mmoja wa serikali anakuja kukaa pale na kazi yake ni kutazama mikono ya watu: nani anamimina chai vipi, nani anakata mkate vipi. Mwishoni anamkamata bwana mmoja mpole mwenye miwani, na askari wanaondoka naye kwenye mvua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wa kwetu waliipenda kiasi kile. Nadhani ni kwa sababu Tabora ni mji wa waliokuja na mizigo wakabaki. Kila mtu pale amewahi kuwa na jirani aliyesema ametoka Ujiji kumbe ametoka kwingine, au shemeji mwenye jina la pili mahali pengine. Mtu anakula nawe kumbe si yeye. Habari hiyo haihitaji rangi. Haikuhitaji hata mkalimani, na laiti wangejua hivyo mapema.

Wakati huo nilikuwa nimeposa Isevya, mtaa wa palepale Tabora, kwa Mama Bernadeta, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua na kuimba kwaya kanisani. Binti yake ni Pelagia. Posa ilikuwa imepokewa, na kuanzia siku hiyo mimi na Mama Bernadeta hatukutakiwa kuonana uso kwa uso. Ndiyo adabu ya kwetu: ukimwona mama mkwe njiani unaingia porini, naye anaingia upande wa pili, na kama hakuna pori mnageukia ukuta. Kwa hiyo tulipoleta picha ile Isevya, Mama Bernadeta alifikiri akikaa mbele ya shuka mgongo wake utakuwa chini ya macho ya mkwe wake muda wote. Akazunguka akakaa nyuma ya shuka. Si yeye peke yake, wengi walikaa huko. Shuka ni jepesi, picha inapenya, na upande ule hakuna msongamano.

Lakini picha ikipenya inageuka. Kulia kunakuwa kushoto.

Kesho yake Wenceslaus akaja kwangu amebeba kofia mkononi kama anayeleta msiba. Yeye ni fundi cherehani, mtu mwema, anapenda amani kupita kiasi, na kila ujumbe anaoubeba anaulainisha mpaka unakuwa ujumbe mwingine. Alisema mama mkwe hakulala. Alikuwa amekaa pale nyuma akaona nyumba nzima ya Waingereza wanaomimina chai kwa kushoto, wanasalimiana kwa kushoto, wanashika mkate kwa kushoto, na mtu mmoja tu mwenye adabu, bwana wa miwani, anayetumia kulia. Na huyo ndiye waliyemkamata. Wakati huohuo sauti ya mkwe wake, kwenye kipaza sauti, ilikuwa ikiutangazia umma kwamba msaliti ni mwenye kushoto. Basi nchi nzima ile ni wasaliti, na aliyechukuliwa ni mtu safi, na mkwe wake amesimama hadharani kumsingizia.

Nilicheka. Kisha nikamwambia Wenceslaus amweleze kwamba ni shuka, kwamba ukiangalia maandishi ya gunia la unga kwa ndani yanageuka, na picha ni hivyohivyo. Wenceslaus akaenda kulainisha. Alimwambia kuwa mkwe anasema kule nyuma alikokaa hawezi kuwa ameona sawasawa. Yaani mkwe anasema mama haoni.

Jibu lilirudi kabla ya jioni. "Kanga yangu ina nyuma na mbele," alisema, "lakini ndani yake nipo mimi yuleyule. Asinifundishe kitambaa."

Nikajaribu tena, na tena. Nusu ya Isevya, ile iliyokaa nyuma, ilikuwa upande wake. Sokoni watu wa mbele na watu wa nyuma walikuwa wakibishana juu ya bwana wa miwani kama anadaiwa na ukoo wao. Mwishowe Mama Bernadeta akasema hatamtoa Pelagia kwa mtu anayesema uongo kwa sauti kubwa namna ile mpaka yeye mama mwenyewe aione picha kwa upande wa mbele, na kwa kuwa lori lilikuwa linakwenda Urambo, aliko dada yake, atakwenda nalo. Ikiwa mkwe alisema kweli, ndoa itatangazwa kanisani Jumapili inayofuata. Ikiwa alisema uongo, posa irudi.

Nilifurahi, nisiwafiche. Mbele ya shuka kweli ni kweli. Nilichotakiwa ni kunyamaza na kusubiri.

Urambo tulisimamisha nguzo karibu na stesheni. Walikuja wakulima wa tumbaku, walikuja vibarua wa mashamba ya karanga ambayo tayari yalikuwa yanakufa, wakakaa chini wakijaa mpaka relini. Pelagia alikuwa amekuja na treni siku moja kabla, akamwekea mama yake mkeka mbele kabisa. Na kwa kuwa mama mkwe alikuwa mbele, mimi sikuweza kukaa mbele. Tobias alilazimika kuvuta waya mrefu wa kipaza sauti hadi nyuma ya shuka, akilaani ndoa za watu wote.

Nilikuwa nimeionyesha picha ile Nzega, Sikonge, Tabora. Niliijua kama Baba Yetu. Lakini sikuwahi kuiangalia kwa nyuma.

Sijui nilieleze vipi jambo hili bila kuonekana mjinga. Akili ilijua ni shuka. Macho yalikataa. Ule mkono uliowasha kiberiti dirishani ulikuwa wa kulia, mkono wa mtu anayewasha taa nyumbani kwake. Kijana wa serikali, niliyekuwa nikimsifu kijiji hadi kijiji, aliingia akasalimia wazee kwa kushoto, akapokea chai kwa kushoto, akampapasa mtoto kichwani kwa kushoto. Wote mezani walikuwa hivyo, isipokuwa bwana wa miwani aliyemega mkate kwa mkono wa kulia na kumpa jirani yake. Picha ileile, mvua ileile, lakini kule nyuma ilikuwa na huzuni ambayo sikuwahi kuiona mbele. Niliendelea kutafsiri vizuri tu, kila neno mahali pake. Kisha askari wakamtoa nje, naye kabla ya kupanda gari akainua mkono wa kulia kumuaga mama mwenye nyumba. Na mimi nikasema kwenye kipaza sauti, mbele ya Urambo yote:

"Jamani, huyu hana kosa. Wanamchukua mwenye adabu peke yake."

Walio nyuma pamoja nami wakapiga makofi. Walio mbele, ambao kwa macho yao walikuwa wameona kushoto tangu mwanzo, walicheka mpaka injini haikusikika.

Wenceslaus alizunguka shuka polepole. Nikajua kwa kofia aliyoishika mkononi. Alinieleza kwamba mkono ulipowasha kiberiti mara ya kwanza, Mama Bernadeta alimshika Pelagia bega akasema kijana wa watu alisema kweli, nimemwonea. Alikuwa ameshaagiza kwa dada yake kuku wa kunipatanisha naye. Alikuwa ameridhika kabisa. Halafu akasikia maneno yake mwenyewe ya Isevya yanatoka kwenye kipaza sauti na umati unayacheka.

Kwetu unaweza kumtania Mzaramo, unaweza kumtania bibi yako mpaka akurushie mwiko. Mama mkwe hataniwi. Hakuna faini ya kosa hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kulitenda.

Nilimshika Wenceslaus shati. Nilimwambia sikutania, kwamba nimeona alichokiona mama kule Isevya, kwamba kumbe alikuwa na haki yake. Nilimwomba amwambie tu aje akae nyuma mara moja, Tobias arudishe mkanda wa mwisho, nami nitatoka niende mbele, kila mtu aone alikokaa mwenzake na yaishe. Nikamwambia usilainishe, Wenceslaus, nakuomba kwa Mungu, sema kama nilivyosema.

Akaenda. Kwa mbali nilimwona anainama mbele ya mkeka. Baadaye aliapa hakubadilisha kitu ila alifupisha, kwa kuwa mama alikuwa na hasira na hasira haipendi maneno mengi. Alichosema ni, "Mkwe wako anakuomba umfuate nyuma ya shuka."

Mama Bernadeta aliinuka, akakunja mkeka mwenyewe, akaondoka na dada yake.

Asubuhi Pelagia alikuja kwenye lori. Tobias alijitia kukagua tairi. Pelagia hakuwa analia. Ingekuwa afadhali alie.

"Ulikuwa umeshashinda," alisema. "Mama alishakubali. Kwa nini hukunyamaza?"

"Nilisema nilichokiona."

"Si ungekiona kimya kimya?"

Nikamwambia kwamba mama yake hakuwa kipofu, kwamba kutoka kule nyuma mtu yeyote angesema vile, hata yeye.

"Masele, siku hizi zote mama yangu anamlilia mzungu wa kwenye shuka. Nikaona heri wewe una akili. Sasa na wewe unamlilia. Mimi nitaishi na nani?"

"Kaongee na mama yako, nakusihi."

"Nimeongea. Anasema mkwe mbishi angemvumilia. Anayembishia Isevya na kumcheka Urambo, hapana." Akajifunga kanga vizuri. "Na huyo Wenceslaus wenu mtafutieni cherehani ya mdomo."

Nikasema nitapiga magoti nje ya nyumba ya dada yake. Akasema nikifanya hivyo mama atalazimika kutokea mlango wa nyuma, na nyumba ile haina mlango wa nyuma. Kisha akaondoka kwa kufuata reli, bila kukimbia.

Posa ilirudi kabla ya mvua. Mama Bernadeta alikaa Urambo kwa dada yake mpaka mavuno, akarudi Isevya, akaendelea na vitumbua na kwaya. Alifariki miaka michache baada ya Uhuru. Mimi na yeye hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Pelagia aliolewa na Justus, karani wa kununua tumbaku, wakajenga Urambo, wana watoto na wajukuu. Wenceslaus aliendelea kuwa mshenga, na ndoa nyingi alizozisimamia zilifungwa. Macho yalipokuwa mabovu aliacha cherehani. Picha ilikatika Igunga, ikaungwa, ikakatika tena, na wakaturudisha kwenye mbu. Tobias aliacha lori la sinema akaendesha la pamba. Mimi niliacha kazi mwaka uleule, nikaenda Kigoma, nikaenda Mpanda, nikaenda kukata mkonge Tanga, nikarudi. Nilioa Mpanda. Mke wangu alikuwa ameshafiwa na mama yake.