Safari ya Kwenda Kuhesabiwa

Tarehe ishirini na mbili Desemba nilirudi kutoka hospitali na karatasi ya majibu ya damu. Chembe nyeupe zilikuwa zimepanda, kwa hiyo kesho kutwa niingie dripu ya nne ya dawa ya saratani ya titi. Nesi alinipongeza, nami nikamwitikia, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba siendi. Sisi Wachaga Krismasi lazima tupande nyumbani kuhesabiwa, kama majirani wa Dar wanavyotutania, na mume wangu Elirehema alikuwa ameshatangulia Rombo na mtoto wetu Aikande, wa miaka miwili na nusu. Ni mimi niliyewasukuma waende. Nilimdanganya mume wangu kwamba dada yangu atakuja kukaa nami, nikamwagiza amwambie mama yake kuwa nimebanwa na kazi, maana huko nyumbani hakuna aliyejua ninaumwa. Lakini nyumba ilipotulia, nikashindwa. Nikapanga kesho nipande basi, nivae wigi, nichekecheke na watu, na hiyo dripu nitaijua Januari. Nikajilaza mchana huo na nguo zangu, mdomo una ladha ya chuma, spika ya jirani ikipiga nyimbo za Noeli, na usingizi ukanichukua.

Nikajiona niko kwenye barabara inayopanda mlima nisioujua, katikati ya ukungu mweupe kama pamba ya hospitali, na miti ya huko ilikuwa imepukutika yote, imesimama vipara. Watu walinipita makundi kwa makundi, wamebeba kuku na mifuko ya sukari na watoto migongoni, wakiitana kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyenigusa bega, utadhani nimeumbwa kwa kioo. Nilipogeuka nikaona mtu mrefu anatembea sambamba nami bila kutoa mshindo wa miguu. "Habari, jirani," akasema. Nikamwambia mimi si jirani yake. "Tangu mumeo alipopanda basi tunalala chumba kimoja," akajibu taratibu, "na wala hukoromi. Mimi ni Upweke. Ulinifungulia mlango mwenyewe." Kabla sijamjibu, mwanamke aliyevaa vitenge vya bei, mikono laini, akanishika kidevu na kuanza kunichora nyusi. Jina lake Aibu. Alinitengeneza wigi kwa upole, kama dada, akininong'oneza: "Ukifika, cheka kwanza. Wakiuliza mwili umekwenda wapi, sema joto la Dar. Dripu moja ukiiruka, nani atajua?" Nikamshukuru, na tukapanda hivyo watatu.

Juu kabisa palikuwa na ua wenye moshi wa jikoni, na mlangoni amekaa bibi kipofu aitwaye Upendo. Kila aliyefika aliinama, na bibi akamwekea kiganja kichwani, akapapasa, akamtaja jina, kisha akamhesabu na kumwingiza ndani. Niliona binti mdogo kama Aikande akiingia, nikasukuma watu, nikapiga magoti. Bibi akanipapasa, mkono ukasita. "Nywele hizi za nani?" akauliza. "Huyu simjui. Mwingine." Nikamwambia, bibi, ni mimi, mama yake yule mtoto. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanyoosha mkono kwa aliyekuwa nyuma yangu.

Kando ya ua palikuwa na mwanamke anapasua kuni, jasho linamtoka, sauti kavu kama ya muuza ndizi. "Vua," akaniambia. Nikamuuliza yeye ni nani. "Ukweli. Vua, unazuia foleni." Nikasema wataniona. "Kwani ulitaka uhesabiwe ukiwa umejificha? Bibi wa watu haoni, anajua kwa kugusa." Aibu akanivuta kitenge, Upweke akalalamika, "Akivua, mimi nitalala wapi leo?" Nikavua wigi. Upepo wa mlima ukanipiga kichwani, baridi, nikafumba macho nikingoja mkono ule, na ulipokaribia kiasi cha kuhisi joto lake, nikaamka.

Jua lilikuwa bado dirishani. Nilikaa kitandani, na polepole nikaelewa kwamba hata kama ningepanda mabasi yote ya Rombo, ningefika huko mgeni, kwa sababu sikumpa mtu yeyote nafasi ya kunijua. Nikampigia mama mkwe. "Mama, siko kazini," nikasema. "Nina saratani. Nachomwa dawa tangu Oktoba."

"Mama Aikande," akasema, "mimi toka juzi nawaambia wanawake huku kwamba mkwe wangu anaringa." Nikamsikia akipenga kamasi. "Hiyo dawa nyingine lini?"

"Kesho kutwa asubuhi. Nilitaka niiruke nije."

"Uje ufanye nini? Tunashuka sisi. Kesho, wote, na mtoto."

"Na sikukuu, mama?"

"Sikukuu ina watu wengi huku. Wewe uko na nani?"

Nikalia kwenye simu kama mtoto, naye akaningoja nimalize. "Chakula gani kinakaa tumboni?" akauliza.

"Kitu laini. Kisicho na harufu."

"Basi nakuja na ndizi, nikupikie mtori kama ulipojifungua. Kesho kutwa nitakushika mkono, hao manesi waniondoe wakiweza. Sasa niache nimwambie mwenye basi anitafutie viti."