Roketi Haisukumi Ardhi

Kiharusi kilimpata mwalimu akiwa ubaoni, chaki mkononi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamwachia neno moja tu: sawa. Akishikwa na kiu, sawa. Akitaka kugeuzwa kitandani, sawa. Hata kichwa kiliasi. Alipotaka kukitikisa kukataa, kiliinama kukubali. Mkewe aliwaambia majirani kwamba sasa amepata mume ambaye kila mwanamke humwomba Mungu, hapingi lolote. Walicheka, naye akacheka, kisha akaingia jikoni na kukaa huko kitambo.

Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa fizikia. Mkuu wa shule alimwomba kitinda mimba wa mwalimu, binti aliyesomea kufundisha jiografia, ashikilie darasa la baba yake mpaka apatikane mtu. Binti alikubali. Kila alasiri aliketi kando ya kiti cha magurudumu, akamsomea baba somo la kesho ili amsahihishe.

Siku moja walifika kwenye roketi.

"Baba, nimeliweka kwa lugha nyepesi," alisema. "Roketi inapaa kwa sababu moto wake unaipiga ardhi, na ardhi inairudisha juu, kama mtu anavyoruka. Niwaambie hivyo?"

Mwalimu alishtuka. Miaka ishirini na sita alikuwa aking'oa kosa hilo vichwani mwa wanafunzi. Ardhi haina mchango. Roketi inaitupa gesi yake chini kwa nguvu, na gesi hiyo hiyo inaisukuma roketi juu. Msukumo ukizidi uzito, inanyanyuka. Ndiyo maana injini inaisukuma hata huko kusiko na ardhi wala hewa ya kuegemea. Yote hayo yalikuwa yamepangika kichwani mwake, safi kama siku zote. Alifungua kinywa.

"Sawa," alisema.

Binti alitabasamu, akaweka alama ya vema.

Mwalimu alilirudia neno lile mara tatu, machozi yakimlengalenga. Binti akampa kalamu. Mkono wa kushoto ukachora mistari kama njia za siafu. Ndipo alipokiona kitabu kizito kilichokuwa mapajani mwake. Breki za kiti hazikufungwa, na sakafu ilikuwa ya saruji laini. Alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akakitupa kitabu mbele. Kiti kilirudi nyuma, upana wa vidole vinne hivi.

Alimkazia macho binti yake, ayatazame magurudumu. Binti alikuwa ameinama, anaokota kitabu. Mama alitoka jikoni mbio, akasema mgonjwa amechoka, masomo yamemzidi, akafunga breki zote mbili.

"Pole, baba watoto," alisema, akimfuta shavu.

Kesho yake binti alirudi uso umemchangamka. Alisimulia kwamba darasa zima limeelewa, hata wale wa nyuma. Mwanafunzi mmoja aliuliza roketi inasukuma nini ikishafika juu kabisa, naye akamjibu kuwa huko inakwenda kwa kasi iliyobaki. Mkuu wa shule, aliyekuwa mlangoni, alimpongeza.

"Nilitaka ujue kazi yako haijaanguka, Baba."

Mwalimu alimshika mkono kwa mkono wake mzima, akaubana mpaka binti akasema anaumia. Akamwachia. Binti alidhani ni furaha. Alivuta kiti chake karibu, akafungua somo lililofuata, la mwanga na vioo, akaanza kusoma.