Picha za Hewa

Kamera yangu ilikuwa na akili kunishinda. Mke wangu ndiye aliyekuwa akilisema hilo mbele za watu, na watu wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao ili nisionekane nimeumia. Ilikuwa kamera ya filamu, nyeusi, nzito kama tofali, ya aina ile iliyojitafutia fokasi, yaani ukali wa picha, yenyewe. Enzi zile wenzangu walikuwa bado wanazungusha lenzi kwa mkono, jicho moja wamelifumba, ulimi nje, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mimi nabonyeza kitufe nusu, lenzi inalia zzzi, kitaa cha kijani kinawaka ndani ya kioo cha kuchungulia, namalizia nusu iliyobaki, kwisha habari. Ila ilikuwa na kiburi: isipopata kitu cha kushika, haipigi, hata uipigie magoti. Ikipata, basi. Niliwahi kumpiga nzi akiwa angani, na picha ilipotoka ukimtazama vizuri unaona amekasirika.

Picha hiyo msiniulize iko wapi. Picha zangu nzuri zote zilipotea, na hapo ndipo nilipokwama Jumatano ile.

Mke wangu alifariki Jumanne alfajiri, hospitalini, amelala ubavu wa kulia kama alivyozoea. Jumatano asubuhi binti yetu akaingia kutoka safarini. Mkoba hajautua, machozi hajayafuta, akaniambia:

"Baba, nataka picha ya mama. Moja tu, ya uso, nzuri. Nikaikuze leo, nitie kwenye fremu. Kesho saa nne watu wanakuja kumuaga."

"Si kitambulisho chake hicho hapo mezani?"

"Kwenye kitambulisho yuko kama ameambiwa asipumue."

"Na kwenye simu yako?"

"Simu!" Akaifungua, akanisogezea. "Tazama. Kila nikimpiga anajiziba uso. 'Mimi nina mpiga picha wangu nyumbani, hizo simu zenu pelekeni huko.' Nina viganja vyake kumi na viwili, Baba. Viganja! Lakini wewe ulikuwa unampiga kila Jumapili, mimi mwenyewe nikikushikia pazia. Ziko wapi?"

Sasa kuna jambo ambalo sisi wapiga picha hatulisemi. Tunaliita kupiga hewa. Mkanda mmoja wa filamu ulikuwa na picha thelathini na sita, na kwenye harusi kila mtu anataka apigwe: watoto, majirani, mjomba aliyekwisha kulewa na sasa anataka apigwe akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Ukimkatalia anakununia. Basi flashi ina kitufe chake kidogo cha kujaribia. Unakibonyeza, mwanga unawaka, filamu haisogei, mjomba anaondoka ameridhika. Hiyo ndiyo picha ya hewa. Ni uongo mdogo, na kila fundi aliutumia.

Mimi niliupeleka nyumbani.

Jumamosi napiga harusi, naitoa filamu ikasafishwe, Jumapili kamera iko tupu. Jumapili ndiyo siku mke wangu anayovaa gauni lake la kijani, anakaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, penye mwanga mzuri, anasema, "Haya Flashi, nipige moja." Flashi ndilo jina walilonibandika mtaani. Nitie filamu mpya kwa picha moja? Nikaona hapana. Nikamwambia inua kidevu, geuka kidogo, hapo hapo. Kacha! Yeye akatabasamu mbele ya kamera isiyo na kitu tumboni.

Wiki iliyofuata akauliza, "Picha yangu imetokaje?"

"Usiniulize, mke wangu. Panya amekula mkanda wote. Leo asubuhi nimemwona anapita na sura yako mgongoni, panya wenzake wanampigia saluti."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Muongo wewe! Utazikwa huku ulimi wako bado unaongea."

Wiki nyingine nikamwambia ilitoka nzuri mno, mwenye studio amegoma kuirudisha, anamtishia nayo mkewe. Wiki nyingine upepo uliipeperusha kutoka kwenye kamba ya kuanikia, kunguru akaiweka chumbani kwake. Baadaye hakuuliza tena imetokaje. Aliuliza, "Haya, ya safari hii imepatwa na nini?" Mimi nikajiona mjanja. Nilikuwa nikijiambia moyoni, wiki ijayo naweka filamu kweli. Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka ishirini na mitano, kisha nikastaafu, na filamu zenyewe zikaadimika madukani.

Binti yangu alikuwa bado amesimama. Nikafungua mdomo, na panya akatoka mwenyewe.

"Mwanangu, kulikuwa na panya..."

"Baba. Leo hapana."

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiangalia vidole vya miguu yangu. Aliutua mkoba sakafuni polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa jikoni anaosha vikombe. Maji yakanyamaza. Akatokea mlangoni na taulo mkononi.

"Alijua, shemeji."

"Alijua nini?"

"Kwamba haina kitu. Nani alikuwa anaifuta vumbi hiyo kamera yako? Wewe? Kile kidirisha cha nyuma, unapoonekana mkebe wa filamu, alikuwa anakiona kitupu. Aliniambia tangu mwaka wa kwanza. Mimi nikamwambia, mvunjie hiyo kamera kichwani."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Wiki nzima ananitazama kama kabati. Jumapili ananitazama dakika kumi, tena kwa jicho moja, lakini ananitazama. Nikimfumania, ataacha.'" Akajifuta mikono mikavu. "Nikamwita mjinga. Akaniambia niende zangu."

Kidirisha kile kiliwekwa ili mpiga picha asisahau kama ametia filamu au hakutia. Nilikijua kama ninavyojua kucha zangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anakisoma.

Tukavuta maboksi ya viatu kutoka chini ya kitanda, yaliyojaa negativu za miaka yote. Mimi na binti yangu tukakaa dirishani, kila mmoja akiinua kipande kwenye mwanga. Maharusi, maharusi, mahafali, mtoto na keki, maharusi. Mama yake alikuwa amehudhuria karibu harusi zote hizo. Ndiye aliyebeba mkoba wa betri, ndiye aliyeniambia tai yangu imepinda. Lakini alikaa nyuma yangu, na kamera haina macho nyuma. Mchana ukapita hivyo. Binti yangu alikuwa haongei na mimi. Alikuwa anasema tu "hayupo", anaweka chini, anachukua kingine.

"Hayupo."

"Hayupo."

Likabaki boksi moja, nililoliandika kwa kalamu nyekundu: ZILIZOHARIBIKA.

"Hilo acha," nikasema. "Humo ni makosa tu."

"Makosa ndiyo tunayotafuta, Baba," akasema, akalifungua.

Kamera ile, pamoja na akili zake, ilikuwa na upofu mmoja. Katikati ya kioo kulikuwa na kijisanduku, na kilichokuwa ndani ya kijisanduku ndicho ilichokishika. Ukiwasimamisha watu wawili wenye nafasi kati yao, yenyewe inachungulia katikati, inashika ukuta wa nyuma, na watu wako wanatoka kama uji. Dawa yake ni rahisi: unalenga uso wa mmoja, unabonyeza nusu, unashikilia bila kuachia, ndipo unarudi katikati na kumalizia. Niliwafundisha hilo mafundi wenzangu wote. Lakini harusi moja nilikuwa nawasimulia wageni habari za yule nzi, nikajisahau. Bwana na bibi harusi wakatoka mawingu mawili. Bibi harusi alilia. Ilibidi wavae upya wiki iliyofuata niwapige tena, na bwana harusi alikuwa ameshanyoa masharubu.

Binti yangu aliinua negativu hiyo, akaisogeza karibu na jicho. Kisha akanipa.

Mawingu mawili, kweli. Na kati yao, hatua kumi nyuma, mwanamke kwenye kiti cha plastiki, mkali kama wembe. Siku hiyo, sijui jua lilikuwa kali upande wangu, alikwenda kukaa ng'ambo, penye kivuli. Kwenye negativu nyeusi huwa nyeupe, kwa hiyo nilimwona kwanza ana mvi kichwa kizima, nikadhani ni bibi wa mtu. Kisha nikauona mkoba wangu wa betri magotini pake. Amevua kiatu kimoja. Ananitazama. Hakutabasamu, alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayesubiri mwisho wa hadithi ambao anaujua.

Studio waliikata na kuikuza jioni ile ile. Pembeni yamebaki mabega ya maharusi, kama mapazia mawili. Kesho yake watu walikuwa wanasimama mbele ya fremu wanaulizana, nani aliyempiga vizuri namna hii? Shemeji alinitazama. Binti yangu pia alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Nilikuwa na hadithi tatu tayari ulimini. Nikasema sijui.

Tabasamu la Jumapili halipo popote. Nimeshamaliza maboksi yote, nimerudia.

Jumapili iliyofuata, wote walipokwisha kuondoka, nilitafuta betri, nikaitia kamera filamu, ya mwisho niliyokuwa nayo, imepitwa na tarehe zamani. Nikageuza nyuma nikaangalia kidirisha: mkebe upo, unaonekana. Nikaweka stuli karibu na mlango wa jikoni. Nikalenga pale uso wake ulipokuwa ukifika, ambapo sasa kuna ukuta mweupe tu, usio na hata doa la kushika, nikabonyeza nusu.

Lenzi ikaenda mbele, zzzi. Ikarudi nyuma, zzzi. Ikaenda tena, ikarudi tena. Kitaa cha kijani hakikuwaka. Nikakandamiza kitufe mpaka mwisho, nikakishikilia, kidole kikaniuma.

Haikupiga.