Barakoa ya Mahameli

Ukikaa kwenye kochi la Fundi, kuinuka ni kazi. Mtaa mzima ulilijua hilo. Watu waliyapita maduka yenye taa na vioo, wakaja kwenye banda lake la mabati lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vipuri, wakaagiza na kusubiri zamu yao bila kununa. Mwenyewe hakuona haya kujisifu.

"Mimi simtengenezei mtu kiti," alikuwa akisema, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni. "Namtengenezea mahali pa kusahau shida."

Sasa sikia ajabu yake: mtu huyu aliyewapumzisha watu wote, nyumbani kwake hapakuwa na mapumziko.

Alikuwa anakoroma. Si kukoroma kwa mchezo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyepanga chumba ukuta kwa ukuta nao, aliapa kwamba glasi zake zilikuwa zinahama kabatini zenyewe. Na mambo yangeishia kwenye kicheko, kama si kile kimya kilichokuja katikati. Fundi ananguruma, ananguruma, halafu kimya. Kifua hakipandi wala hakishuki. Mkewe anasubiri. Anasubiri tena. Kisha anamtia kiwiko cha mbavu, na Fundi anaivuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, anageukia upande wa pili, anaendelea na ngurumo zake.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Mwalimu ndilo jina ambalo Fundi alimwita hata nyumbani.

"Kwa nini usihamie chumba cha watoto?" Fundi alimwuliza asubuhi moja, alipoyaona macho yake yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. "Kule hutanisikia."

"Ndiyo maana siendi," Mwalimu alisema. "Ukikoroma najua upo. Ukinyamaza ndipo roho inaniruka. Sasa nikiwa kule, nani atakuamsha?"

Fundi akachukua kofia yake, akaenda bandani.

Kisha likaja la darasani. Mwalimu aliwapa watoto zoezi la hesabu, akaketi, akaegemeza kichwa kwenye rundo la madaftari kidogo tu, kuyapumzisha macho. Watoto walipomaliza walimkuta amezama. Kwa adabu ambayo hawakuwahi kumwonyesha akiwa macho, walipanga madaftari yao pembeni ya kichwa chake, wakatoka kwa ncha za vidole, na wa mwisho akafunga mlango. Aliyekuja kumwamsha ni mwalimu mkuu.

Mwalimu aliileta hadithi hiyo nyumbani kama kichekesho. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye alianza kucheka, lakini kicheko kikamkatikia njiani. Alimtazama mkewe alivyopauka, alivyoishika bilauri kwa mikono miwili kama kitu kizito. Kesho yake hakufungua banda. Alikwenda hospitali.

Daktari alimpima, akamweleza kwa lugha nyepesi: akilala, koo lake linalegea na kujifunga, ndiyo maana pumzi inakatika. Dawa yake ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia bomba la mpira hadi kwenye barakoa, ili koo libaki wazi. Na kwa kuwa vumbi la sponji na pamba lilikuwa limeiziba pua yake miaka na miaka, akawa mtu wa kupumulia mdomo, barakoa yake ilipaswa kufunika pua na mdomo pamoja.

Dada wa mashine, binti mwenye sauti ya upole na miwani iliyomteleza puani kila mara, alitaka kumpima uso. Fundi akamkatiza.

"Nipe kubwa, mwanangu. Mwili unauona."

"Mzee, uso haufuati mwili. Na mikanda hii inafungwa hivi..."

"Mikanda?" Fundi alicheka. "Mwanangu, nimefunga mikanda ya makochi kabla hujazaliwa. Nipe tu, wengine wanasubiri."

Kweli kulikuwa na foleni ndefu. Binti akampa, ingawa si kwa moyo mweupe.

Asubuhi ya kwanza shemeji alimkuta kwenye karai la maji, anajiosha uso wenye mistari mashavuni na alama nyekundu juu ya pua.

"Shemeji, umepigana na nani?"

"Na barakoa."

"Nani kashinda?"

"Bado tunaendelea," Fundi alisema.

Ukweli ni kwamba alikuwa amepigwa vibaya. Hewa ilikuwa inachomoka pembeni na kumpuliza machoni. Kila ilipochomoka, alikaza mkanda. Alipokaza, pua iliuma. Pua ilipouma, alijisogeza, na alipojisogeza hewa ikapata mlango mpya. Fundi hakuwa mtu wa kushindwa na kitu chenye mikanda. Alikaza mpaka masikio yakasogea. Hatimaye aliivua na kuitupa miguuni, akalala kama alivyozoea, na Mwalimu akarudi kwenye zamu yake ya kiwiko.

Siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kukasirika. Mwishowe akasema kosa si lake. Mtu aliyeitengeneza barakoa hii hajui starehe ni nini. Plastiki, mpira, vifungo. Sponji iko wapi? Kitambaa kiko wapi?

Akaibeba mpaka bandani.

Kazi aliyoifanya siku ile ilikuwa nzuri, hakuna wa kumnyima sifa hiyo. Alikata pete ya sponji laini, ile anayoiweka kwenye viti vya maharusi. Akaivisha mahameli nyekundu iliyoiva. Akaishona ukingoni kwa mishono midogo ambayo jicho haliioni. Alipoona mikanda imebaki mitupu, akaitia mahameli nayo. Kinyozi alikuja kutazama, akaishika, akaipapasa shavuni.

"Hii mtu anaweza kuvaa harusini," alisema.

Fundi alivimba kichwa mpaka kofia ikambana. Siku hiyo alitembea kurudi nyumbani kama mtu anayepeleka zawadi.

Alfajiri, Mwalimu aliketi kitandani, kichwa mikononi, mabega yakimtikisika. Fundi akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Baba watoto," alisema alipopata pumzi, "zamani ulikuwa unanguruma. Sasa unapiga filimbi. Nilidhani nimeacha birika jikoni. Nimeinuka kwenda kuzima jiko."

Hata Fundi ilibidi acheke. Hewa yote ilikuwa imepita kwenye sponji kama maji kwenye chujio. Walicheka pamoja, bega kwa bega, mpaka Mwalimu akanyamaza, akajiegemeza kwake, akasema polepole bila lawama, "Ila nimechoka, mume wangu. Nimechoka kweli."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kuliko kelele zote. Akapiga moyo konde. Akaitia barakoa kwenye mfuko wa nailoni, akamwambia, "Leo ukitoka shule, nikute kliniki. Sirudi nyumbani bila kitu kinachonikaa."

Dada wa mashine aliufungua mfuko, akachungulia, akasukuma miwani yake juu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Starehe," Fundi alisema, ingawa si kwa sauti ya jana.

Binti aliigeuza, akaipapasa, akaichungulia kwa ndani. Kisha akatoka nayo, na Fundi akasikia vicheko vya wauguzi kwenye ukumbi, na mmoja anauliza kama fundi huyo anapokea oda za makochi. Binti aliporudi alikuwa anafuta machozi.

"Nisamehe, baba. Sijaona barakoa nzuri kama hii tangu nianze kazi. Haifai hata kidogo." Akamletea mpya iliyofanana na ile. "Hebu ivae kama unavyoivaa nyumbani. Usinifiche kitu."

Fundi akaivaa. Akashika mkanda wa kushoto, wa kulia akauuma kwa meno, akatanua miguu, akavuta. Ndivyo alivyovuta turubai la kiti kila siku ya maisha yake, na mwili ulikwisha kuzoea kiasi kwamba alitafuta kwa mguu mahali pa kukanyagia.

"Baba," binti alisema, "unafunga uso au unafunga kochi?"

Mkanda ukamtoka mdomoni.

Binti akavuta kiti, akaketi mbele yake. Akamshikisha ukingo mwembamba wa barakoa, ule wa mpira laini. "Huu ni mto. Ila hakuna aliyeujaza, unajazwa na hewa ya mashine. Hewa ikiingia unafura wenyewe na kuukumbatia uso. Ukiukaza, umeubana, hauna pa kufuria. Na ukitia sponji, umeifungulia hewa mlango."

Fundi aliubonyeza ule ukingo kwa kidole gumba. Akaubonyeza tena. Kitu kilimwingia akilini, polepole, kisha kwa ghafla.

"Kama springi," alisema. "Kitambaa ukikibana mno, springi inakufa. Kochi linakuwa ubao." Alijipiga paji la uso. "Mwanangu, fundi yeyote angenifanyia hivyo bandani ningemfukuza kabla ya chai."

"Basi usijifukuze. Sasa nipime uso, au bado una haraka?"

Safari hii alitulia kama mtoto anayenyolewa. Binti akampima kwa kipimo cha karatasi, toka chini ya pua hadi chini ya mdomo, pembe hadi pembe.

"Saizi ndogo."

"Ndogo?" Fundi alijitazama tumbo. "Mimi?"

"Ndogo kabisa."

Fundi alitupa jicho mlangoni. "Shemeji yangu akija hapa, hilo usimwambie."

Binti akaleta barakoa nyingine, yenye umbo jipya. Hii haikupanda juu ya pua hata kidogo. Ilifunika mdomo na kuyafikia matundu ya pua kwa chini, ikimwacha na uso wake wa kila siku. Akamlaza kwenye kitanda cha majaribio pembeni ya chumba. "Uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyeketi, mashavu yanahama. Kwa hiyo tunafungia hapa hapa, umelala, mashine inaenda. Legeza mpaka hewa ivuje, kisha kaza kidogo. Ikinyamaza, mikono chini."

Fundi akalegeza. Hewa ikavuja. Akakaza kidogo, mkono ukitamani kuendelea kwa mazoea ya miaka; akauzuia. Filimbi ikafa. Ukingo ukafura na kumkaa usoni kwa ulaini aliokuwa akiwauzia watu wengine maisha yake yote.

"Vipi?" binti aliuliza.

Fundi aliinua kidole gumba. Alitaka kusema kwamba aliyeitengeneza hii ana mkono, kwamba angependa kumjua. Lakini mdomo ulikuwa umefunikwa na dirisha lilikuwa limefunguliwa, na upepo wa mchana ulikuwa unaingia, na mashine ilikuwa inavuta na kutoa kwa utulivu wa ng'ombe anayecheua.

Alipofumbua macho, mwanga wa dirishani ulikuwa umehamia ukuta wa pili.

Hakujua yuko wapi. Kichwa kilikuwa chepesi kama kimeazimwa. Akageuza shingo, na hapo akamwona Mwalimu. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka shule, chaki bado kwenye ncha za vidole, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Mkono mmoja alikuwa ameuweka kifuani kwa Fundi, palepale anapopimia kama kinapanda na kushuka. Kichwa kilikuwa kimeanguka begani. Mdomo wazi. Amelala fofofo.

Dada wa mashine alisimama mlangoni. "Aliuliza kama unapumua," alinong'ona. "Nikamwambia weka mkono uone mwenyewe. Hakumaliza hata kuuliza la pili. Nimwamshe? Kuna mgonjwa mwingine."

Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu. Akaivua barakoa, akauinua mkono wa mkewe kama anayeinua kioo, akauweka mapajani pake, akateremka. Kwa mikono yake iliyobeba makochi ya watu watatu, alimlaza kitandani, akamvua viatu.

Nje alisimama mama mnene mwenye mkoba kifuani, anasubiri zamu yake. Fundi aliweka kidole mdomoni.

"Mgonjwa wako hali yake mbaya?" mama aliuliza kwa kunong'ona.

"Mgonjwa ni mimi, dada yangu. Yule ni mke wangu. Amelala."

Mama alichungulia, akautazama ule uso kwa makini, kisha akaketi kwenye benchi. "Mume wangu huamka na uso huo huo, kwa kukesha na ngurumo zangu," alisema. "Mwache. Binti, niletee barakoa zako hapa hapa ukumbini, nitazijaribu nimekaa. Ya kulala tutaona baadaye."

Fundi alirudi ndani, akafunga mlango bila kuacha kitasa kilie. Akakalia kile kiti cha plastiki. Kilikuwa kibaya, mtu yeyote wa kazi yake angekililia. Hakujali. Alimsikiliza Mwalimu akianza kukoroma kidogo kidogo, na furaha ikampanda mpaka ikabidi afunike mdomo kwa kiganja.

Mwalimu alifumbua jicho moja.

"Unapumua?"

"Napumua."

"Basi niache," alisema, na akageukia ukutani.