Tangi la Bahari, Kirua Vunjo

Jumatatu saa nne asubuhi, Elifuraha aliingia dukani kwa Disha mjini Moshi, akatua dumu la lita tano juu ya kaunta na kusema anataka vifaa vya kufugia samaki wa baharini sebuleni. Disha, ambaye ukoo wa mumewe umeuza pampu na matangi ya samaki tangu enzi za babu, alilinusa dumu kwanza. Akasema lilikuwa la mafuta ya kupikia, na samaki hatiwi mafuta kabla ya kufugwa. Kisha akadondosha maji kidogo kwenye kipima chumvi na kukiinua kuelekea mlangoni.

"Umeyatoa Tanga?"

"Kwetu Kirua. Ni ya mfongo."

Kipimo kilisema thelathini na tano, chumvi ya bahari kamili. Disha akarudisha kabatini chumvi ya paketi aliyokuwa ameandaa kumwuzia, kwa huzuni kidogo, maana ndiyo yenye faida.

Mfongo ni mfereji wa ukoo. Huo wa kina Elifuraha ulishuka kutoka msituni ukiwa na maji baridi, ukapita kwa majirani vilevile, ukawa bahari kwa hatua thelathini tu ndani ya kihamba chake, yaani shamba la migomba la urithi, kisha ukatoka kwa jirani wa chini ukiwa na maji baridi tena. Jirani huyo alimshukuru Mungu na kuendelea kunywesha ng'ombe.

Hatua hizo thelathini zilikuwa za Aikande, dada yake Elifuraha. Baba yao alimkatia kabla hajafa, mbele ya wazee, akapanda mimea ya masale mpakani kwa mkono wake mwenyewe. Uchaggani sale la mpaka haling'olewi. Hata mlevi akilikanyaga huomba radhi. Elifuraha aliyang'oa yote wiki moja baada ya mazishi na kumtupia mbuzi, kwa hoja kwamba mwanamke ana kwao kwa mumewe. Aikande hakuwa na mume. Alikuwa na chumba cha kupanga Pasua, mjini Moshi, na meza ya kuuzia ndizi.

Alipopata habari alipanda Kirua, akasimama katikati ya kipande chake kutwa nzima, akashuka. Hakulia. Wanawake wa usharika walimchungulia sana usoni wakitafuta machozi, wakarudi mikono mitupu. Kesho yake maji yakawa ya chumvi, na kufikia Alhamisi vitatange wawili, samaki wa matumbawe, walikuwa wakizunguka chini ya migomba. Mchungaji alikuja kuyaombea maji, akaondoka na pono watatu kwenye mfuko.

Mtu mwingine angeona aibu. Elifuraha aliona nafasi. Jirani wa juu alikuwa amejenga ghorofa la vyumba kumi na viwili analolala siku nne kwa mwaka, Krismasi, na hakukuwa na namna nyingine ya kumpita.

Alitaka tangi dogo la lita arobaini, la kuweka juu ya kabati la vyombo. Disha akamwambia dogo ndilo gumu kutunza, kwa kuwa maji machache huharibika haraka, achukue la lita mia tatu. Na kwa kuwa hilo likijaa hupita kilo mia tatu, aliweke kwenye stendi ya mbao ngumu, la sivyo kabati, vyombo na vitatange wote watakutana sakafuni. Akampa chujio, chombo cha kutolea uchafu kwa povu, na pampu mbili za kusukuma maji, kwa sababu samaki wa baharini hapendi maji yaliyolala. Akampa hita, maana Kirua mwezi wa saba hata binadamu huhitaji hita. Taa, kipimajoto, mchanga, mawe ya matumbawe, na pampu ya betri kwa siku ambazo umeme haupo, yaani siku za kawaida. Mwisho akamwuzia kipima chumvi na kumwonya asitie samaki mpaka wiki sita zipite, tangi lizoee.

Elifuraha alingoja wiki mbili.

Mwezi uliofuata Aikande aliita kikao cha ukoo. Wazee saba walifika, wote walioshuhudia masale yakipandwa. Walikaribishwa sebuleni, wakapewa pombe ya mbege, wakageuza viti kuelekea tangi. Aikande alieleza madai yake kwa migongo saba. Hakutaka kingine chochote: kipande chake, ajenge vyumba viwili, aache kulipa kodi Pasua. Hatimaye Mzee Yakobo, baba yao mdogo, akajifuta povu mdomoni.

"Binti yangu, nilikuwepo. Baba yako alikupa shamba. Lile sasa ni bahari, na ukoo huu hauna utaratibu wa kugawa bahari."

Wenzake wakakubali kwamba hilo limesemwa vizuri, wakaongezewa mbege.

Hadi siku hiyo Aikande alikuwa akija kila Jumapili baada ya ibada kusimama kwenye kipande chake. Baada ya kikao hakuja tena. Wiki ya kwanza mfongo ulisoma ishirini na nane, ya pili ishirini na mbili. Vitatange wakalala ubavu. Elifuraha akampigia simu Disha, ambaye aliuliza nini kimebadilika. Akajibu hakuna, ila dada yake haji.

"Mpe shamba lake," Disha akasema, "au njoo ununue chumvi."

Elifuraha alipima yote mawili akaona ni gharama. Akamtumia Aikande nauli.

Aikande alikuja Jumamosi. Watu wa Pasua walimlaumu kwa kukosa msimamo, lakini hakuna kati yao aliyewahi kunyang'anywa kwao. Alivua viatu, akasimama ndani ya mfongo, na kaka yake akachuchumaa pembeni na kipimo, akitaja namba moja moja. Ilipofika thelathini na mbili Aikande akamwomba ruhusa ya kupanda japo mgomba mmoja.

"Mizizi itachafua maji," Elifuraha akasema. Alikuwa akiangalia kipimo. "Thelathini na tano. Inatosha, toka."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Asubuhi nauli, mchana lita sitini za kubadilishia maji ya tangi, na Aikande haruhusiwi kubaki ndani ya kihamba hata dakika moja baada ya kipimo kutimia. Kufikia Jumamosi ya nne alikuwa amegundua jambo. Akisimama pale akiwaza alichofanyiwa, chumvi hutimia ndani ya dakika kumi. Akiwaza mambo mengine, bei ya ndizi, wimbo wa kwaya, huchukua mpaka saa nane mchana, naye muda huo wote yuko kwake.

Akajizoeza kuwaza mambo mengine.