Valvu Sita za Hasnain

Nimetengeneza redio Shinyanga mjini kwa miaka kumi na tisa, kwenye baraza ya duka la Hasnain, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuchukia chombo kama nilivyoichukia amplifaya ya solo ya bendi ya Igembe Jazi. Ilikuwa nzito kama robota la pamba, ilinuka mkojo wa panya, na fyuzi yake ilikuwa uzi wa waya nilioufunga mwenyewe, kwa sababu mwaka ule wa 1984 fyuzi hazikupatikana, kama vile sabuni, kama vile betri, kama vile kila kitu. Lakini aliyeitumia alikuwa shemeji yangu Mihayo, mpiga solo, mume wa mdogo wangu Coletha. Kwa hiyo nilikuwa naichukia huku naitengeneza.

Kabla ya bendi Mihayo alichimba dhahabu Geita. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilimfunika kaka yake mbele ya macho yake, wakafukua kwa mikono siku tatu. Tangu hapo Mihayo hakuweza kulala chumba kisicho na dirisha. Coletha aliniambia, akicheka kwa aibu, kwamba mumewe hata chooni hafungi mlango. Bendi ndiyo iliyomtoa kule. Gitaa alijifunza kambini, wakati wenzake wanakunywa, na alilipiga vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia kwa masikio yangu. Kazi nyingine hakuwa nayo. Shamba lao la Maganzo lilishageuzwa mashimo na watafuta almasi, hata muhogo ulikuwa hauna pa kusimama.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza. Shirika lililomiliki Igembe Jazi lilikuwa na bendi nyingine Kahama. Ikaja amri ya kubana matumizi: bendi ibaki moja. Meneja angeweza kuchagua akiwa ofisini kwake kama watu wengine, lakini yeye alikulia kwenye mashindano ya ngoma za Kisukuma, ambako makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na linalowavuta watu wengi ndilo lililoshinda. Akaamua bendi nazo zishindane hivyo hivyo. Jumapili mchana, Igembe upande wa mashariki, Kahama upande wa magharibi, zinapiga kwa pamoja. Upande utakaobaki na watu ndio utakaobaki na kazi.

Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, valvu za amplifaya zikafa.

Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa, ndani yake kuna waya unaowaka. Ndogo huikuza sauti, na mbili kubwa za mwisho huisukuma mpaka kwenye spika. Zikifa hizo mbili, gitaa la solo linabaki ubao wenye nyuzi. Na mwaka ule nani aliuza valvu? Dunia ilishahamia kwenye transista. Niliandika barua Mwanza, nikaandika Dar es Salaam, sikujibiwa. Mihayo alikuwa anakuja barazani kwangu kila asubuhi.

"Bado, shemeji?"

"Bado."

Anakaa kidogo, anatazama mikono yake, anaondoka. Siku ya sita nikaona heri anitukane.

Wa kwanza kutusaidia alikuwa Mzee Narendra, aliyekuwa na jumba la sinema kabla hajalifunga. Alinipeleka kwenye chumba cha mashine, akapuliza vumbi, akachomoa mwenyewe valvu mbili kubwa. "Hizi zimeimba miaka ishirini, fundi Ansgar," akasema. "Chukua. Mimi filamu tena sina." Zilikuwa za Kiingereza, kazi nzuri ya zamani, lakini ile rangi ya fedha kileleni mwa kioo ilishaanza kuwa kahawia, na hiyo ni sawa na mvi.

Wa pili alikuwa Hasnain. Siku zile wenye maduka walikuwa wameshazoea kuficha hata kiberiti, na Hasnain alikuwa amemwona Mihayo akija na kuondoka siku zote hizo. Siku ya nane akaniita uani, akatoa chini ya magunia boksi la valvu sita. Mpya kabisa, za siku hizi, zimetengenezwa mashariki huko, maandishi yake siyajui, namba zake tu ndizo zilizolingana. "Usiniulize zimepitia wapi," akasema. Nikalibeba boksi.

Nilizipima siku mbili. Watu hudhani valvu ni kama balbu, unatia, inawaka, umemaliza. Wangekuwa mafundi wangejua. Ya kwanza ilikuwa na kitu kilicholegea kinacholia ndani. Ya pili iliwaka bluu, maana yake hewa imeingia. Ya tatu haikuwaka kabisa. Ya nne ilikula umeme kwa pupa mpaka bati lake la ndani likawa jekundu, nikaizima haraka. Zikabaki mbili. Nikaziwasha nusu saa, nikaweka mita huku, nikaweka mita kule: zinakula sawasawa kama pacha. Nilifurahi peke yangu pale barazani.

Jumamosi asubuhi Mihayo akaja na gitaa. Nikamwekea kwanza za Mzee Narendra. Sauti ilitoka tamu, ndogo, ya kizee. Kisha nikamwekea mpya. Akina mama wauza michembe, vile viazi vya kukausha, ng'ambo ya barabara wakageuza vichwa wote, mmoja akasimama kabisa.

"Sikiliza, shemeji," nikamwambia. "Za zamani hazitakufa kesho. Zitakufikisha mwisho. Lakini uwanja hazitauvuka."

"Na hizi?"

"Zitauvuka. Ila sizijui. Tumefahamiana juzi tu."

"Kahama wana vyombo vipya. Nisiposikika uwanja mzima, nimekwisha."

"Basi tuweke mpya."

Akaigusa amplifaya mgongoni. "Zitahimili, shemeji?"

Nilikwisha kumjibu swali hilo mara tatu. Nilikuwa na njaa, mgongo ulikuwa unauma, na mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. "Mimi si Mungu!" nikamfokea. "Kazi ya fundi imeishia hapa. Kilichobaki muombe huyo unayemwomba."

Nilikuwa na maana ya kanisani. Mihayo alikuwa amebatizwa mwezi mmoja kabla ya kumwoa Coletha, akapewa jina la Felician, jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita nalo. Alinitazama kama mtu aliyepewa agizo. Akasema, "Sawa, shemeji," akaibeba amplifaya kwa mkokoteni mpaka kwake.

Jumapili nilikwenda misa. Mchana nikaenda uwanjani, na watu walikuwa wamefurika, maana burudani ya bure siku zile nani angeiacha? Kahama wakaanza kwa matarumbeta, umati ukawaendea. Kisha Mihayo akaligusa gitaa.

Sijui niseme vipi. Sauti ilitoka kubwa na safi, ikapita juu ya vichwa, ikawafuata watu kule waliko na kuwarudisha. Niliwaona kwa macho yangu wakigeuka, kwanza watoto, kisha vijana, kisha hata wazee wa heshima na bakora zao. Wimbo wa pili, upande wa Kahama walibaki wauza karanga. Coletha alinishika mkono akilia, na mtoto wao Serafina mgongoni mwake alikuwa anacheza. Meneja alikuwa amesimama kwenye kiti, anatabasamu. Nikajisemea, Ansgar, umechagua vizuri.

Wimbo wa tatu, katikati, ukasikika mlio kama fimbo kavu inayovunjika. Mlio wa pili. Moshi ukatoka nyuma ya amplifaya, na harufu ya nyama inayoungua. Gitaa likanyamaza. Mihayo aliendelea kupiga kidogo, vidole vinakwenda na sauti haipo. Upande wa pili matarumbeta yakapanda, na watu wakaondoka kuyafuata, bila ubaya, wakicheka na kuzungumza. Walituacha na nyasi zilizokanyagwa.

Niliikokota amplifaya nyuma ya lori nikaifungua. Transfoma ya kutolea sauti ilikuwa imeungua, na hiyo haipatikani Tanzania nzima. Ule waya wangu niliouweka badala ya fyuzi ulikuwa mzima, haukukata umeme kama inavyopaswa. Nikachomoa valvu. Kwenye kitako cha kila moja, katikati ya miguu yake minane, palikuwa na kitu cheusi. Mafuta na majivu, yamepakwa kwa kidole, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto mchanga.

Nilielewa mara moja. Baba yake Mihayo alikuwa kiongozi wa ngoma, jina lake lilivuma mpaka Geita. Kabla ya shindano, ngoma zao zilizindikwa, zikapakwa dawa kwa ndani, pasipoonekana, ili watu wavutike. Pembe ya dawa alimwachia Mihayo. Mimi nilimwambia amuombe anayemwomba, naye wakati nikiwa misani akachomoa valvu zangu akazizindika. Ngoma haina umeme. Pale alipopaka hupita umeme mkali mara mbili ya ule wa ukutani, na majivu yakishapata moto yanaupitisha kama waya. Miguu ikapigana shoti, basi.

Nilikasirika sana. Ningempiga. Nilisimama nikiwa na valvu mkononi na tusi mdomoni, nikamwona anakuja, gitaa limening'inia shingoni, uso hauna damu.

"Ni nini, shemeji? Ni nini kimeiua?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asiambiwe. Nikafikiri: mtu huyu amepoteza kila kitu nusu saa iliyopita. Nimwambie kwamba ni kwa kidole chake mwenyewe? Nikafuta kile cheusi kwa pindo la shati langu.

"Valvu," nikasema. "Zilikuwa mbovu. Nilichagua vibaya."

Alivuta pumzi ndefu. "Valvu," akarudia. "Kwa hiyo haikuwa..."

"Haikuwa nini?"

"Yaya, shemeji. Hapana. Basi tu." Na akaniwekea mkono begani, yeye, akanipa pole mimi. Niliona nimefanya jambo la huruma. Nilijipongeza kabisa.

Bendi ikavunjwa, vyombo vikapelekwa Kahama, wapiga gitaa la solo walikuwa nao wawili tayari. Baada ya wiki tatu Mihayo akaja barazani na begi dogo. Anakwenda Geita, lori linaondoka saa nne. Coletha alikuwa nyuma yake, macho yamevimba, ameshasema yote ya kusema.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa na hofu. Mtu aliyekuwa hawezi kufunga mlango wa choo alisema neno duara kama anavyosema shamba. Akafunua shati, akanionyesha pembe ndogo aliyoifunga kiunoni.

"Niliogopa bure miaka yote hii, shemeji. Uliwaona watu walivyokuja? Uwanja mzima. Hiyo ilikuwa dawa ya baba. Sikukwambia kwa sababu wewe ni mtu wa kanisa. Dawa haikukosea. Ni zile valvu tu."

Ilikuwa hapo. Maneno matatu yangetosha. Coletha alikuwa ananitazama, akitumaini kaka yake mkubwa atakuwa na la kumzuia. Nilifungua mdomo. Nikaona aibu atakayoiona mbele ya mke wake, nikaona na uongo wangu utakavyoanikwa barazani watu wakipita, nikasema, "Safari njema, shemeji."

Miezi minne baadaye alikuja mchimbaji mmoja anaitwa Masele, wa Kalangalala kule Geita, nguo zake zina udongo mwekundu bado. Alifuatana na maiti ya Mihayo mpaka Maganzo tukazika, na baada ya mazishi akakaa na mimi pembeni akanieleza. Duara lilikuwa limefika kwenye udongo laini. Wenzake walitaka wapumzike siku mbili mpaka magogo ya kuegemeza kuta yafike. Mihayo akawacheka.

"Alisema duara amelizindika mwenyewe," Masele akasema. "Alisema hiyo dawa ameshaiona ikifanya kazi mbele ya mji mzima. Akateremka peke yake."

Nikainuka nikaenda kumpokea Serafina mgongoni kwa Coletha.

Coletha na Serafina wanakaa kwangu sasa. Hanilaumu, na hilo ndilo linalonimaliza. Jirani akianza kusema fundi ndiye aliyeiua bendi, yeye humkatiza: kaka yangu aliletewa mali mbovu, angejuaje? Juzi nilikuwa peke yangu mezani, nikazitoa zile mbili kwenye soksi nilimozificha. Moja imepasuka. Nyingine niliisugua kitako kwa spiriti mpaka ikang'aa, nikaiweka kwenye redio kubwa ya parokia iliyoletwa kutengenezwa, nikawasha, nikaweka mita. Inakula vilevile kama siku ile, haijapungua hata kidogo. Ikaimba chumba kizima.

Coletha akaingia na chai. Akasimama anasikiliza, sinia mkononi.

"Hiyo si ile valvu ya Mihayo, kaka?"

"Ndiyo."

"Nzima?"

Nikanyoosha mkono nikaizima.

"Mbovu," nikamwambia.